Mkwaju Ulio Chini ya Upelelezi

Katika Jamhuri ya Silambi kuna sikukuu inayopendwa kuliko zote, nayo inaitwa Siku ya Hewa. Msomaji asihangaike kuitafuta Silambi kwenye ramani, maana ramani imefungiwa kabatini kwa mkubwa, na mkubwa yupo safarini. Aamini tu kwamba ipo. Aamini pia kwamba Siku ya Hewa inapendwa na kila raia, kwa kuwa kutoipenda ni kosa, na kosa lenyewe limeelezwa vizuri kwenye kijitabu cha kijani kinachogawiwa bure mashuleni.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na walakini, naye ni Bi Stumai Kandoro, mtunza kitalu cha miche cha wilaya ya Kitandula. Maskini mama wa watu alikuwa na maradhi ya kushuku. Ukimwambia kumekucha, atachungulia dirishani kwanza. Ukimwambia gari la dawa limefika zahanati, atakuuliza limefika na dawa? Ni tabia mbaya, na sisi tunaosimulia hatumuungi mkono. Ila haki ya mtu ni haki yake, kwa hiyo tuseme pia maradhi hayo aliyapatia wapi.

Miaka thelathini na zaidi nyuma, zahanati ya Kitandula ilipojengwa, mkandarasi alifyeka kila kilichosimama ili mahali paonekane pasafi. Pakawa pasafi kweli. Jua lilipiga pale bila kizuizi tangu asubuhi hadi jioni, na kina mama walipanga foleni wakiwa wamejifunika kanga kichwani. Januari moja Bi Stumai alifika na mwanawe Tunu, mwaka mmoja na miezi minne, anachemka homa. Mbele yake walikuwepo watu kumi na mmoja. Likaja gari la mke wa mkubwa wa wilaya, foleni ikapisha. Akaja shemeji wa mganga na watoto watatu wanaokohoa kidogo, foleni ikapisha tena. Bi Stumai akarukwa mara mbili. Zamu yake ilipofika, mganga alimtazama yule mtoto, akavua miwani yake, akaiweka mezani.

Arobaini ya Tunu ilipopita, Bi Stumai alirudi akiwa na mbegu ya ukwaju ameifunga kwenye pindo la kanga. Alichimba pale pale alipokuwa amesimama siku ile. Hapakuwa na mgeni rasmi wala bendi. Kila jioni aliumwagilia mche kwa maji aliyooshea vyombo, na mbuzi aliyeusogelea aliujua mkono wake. Mti ukakubali. Mpaka wakati wa mambo haya tunayoyasimulia, mkwaju ule ulikuwa unafunika kina mama sitini na watoto wao, na ungeweza kungoja chini yake tangu saa moja hadi saa nane bila jua kukugusa. Bi Stumai hakuwaeleza watu ni kwa nini aliupanda. Lakini alikuwa akipita asubuhi anatazama walioketi, kisha anakwenda kazini na moyo uliotulia.

Sasa tuje kwenye asili ya sikukuu. Mwaka mmoja, mkwaju ukiwa umeshakua, Mlezi wa Taifa, ambaye majina yake kamili yana mtangazaji wake maalumu redioni, alifika Kitandula kufungua lango la zahanati. Lango lilikuwa limekaa wazi miaka tisa, kwa hiyo alfajiri walilifunga kwanza ili lipate kufunguliwa. Mlezi akalifungua, akahutubia saa mbili na dakika kumi, jua likiwa utosini. Alipomaliza, jasho likimtiririka mpaka kwenye nishani, akatembea mwenyewe hadi chini ya mkwaju, ambako kina mama walikuwa wameondolewa kwa heshima zote na virungu viwili. Akajifuta uso. Akavuta pumzi.

"Aaa," akasema Mlezi. "Hapa pana hewa."

Ni hayo tu. Lakini mawaziri saba waliokuwa karibu walitoa madaftari kwa pamoja. Jioni yake redio ilitangaza Tamko la Kitandula. Wiki ya pili maprofesa wa Chuo Kikuu walikuwa wamegundua kwamba neno "hapa" lilikuwa na maana ya taifa zima, na mwezi haukuisha kabla Bunge halijapitisha sheria ya Siku ya Hewa, itakayoadhimishwa kila mwaka, ambapo kila raia atapanda mti na kuvuta pumzi kwa nidhamu.

Mwaka wa kwanza sherehe ilikuwa ndogo. Walichimba shimo mbele ya zahanati, hatua ishirini kutoka kwenye mkwaju, wakalijengea ukingo wa saruji na kuliwekea jiwe la marumaru lenye jina la Mlezi. Bi Stumai akaleta mche wa mkangazi, mzuri, wenye afya, ukiwa ndani ya kiriba chake cha plastiki. Akapiga magoti, akaanza kukichana.

"Mama, unafanya nini?" akauliza Bwana Itifaki, aliyekuja na saa mbili, moja kila mkono.

"Nachana kiriba, baba. Mizizi haipiti kwenye plastiki."

"Tendo la kupanda limepewa sekunde ishirini. Hakuna sekunde za kuchana. Na udongo ukimwagika kwenye kiatu cha Mtukufu?"

"Lakini utakufa."

"Utakufa Mtukufu akishaondoka," akasema Bwana Itifaki. "Hiyo inakuwa kazi ya wizara nyingine."

Mlezi akapanda mche na kiriba chake. Watu wakapiga makofi. Msafara ulipotoweka, amri ikaja kwamba mche ung'olewe, kwa kuwa shimo ni moja, jiwe ni moja, na mwakani patahitajika mahali pa kupanda. Bi Stumai akaubeba mche akaurudisha kitaluni, akaumwagilia. Mwaka wa pili mkubwa mwingine akaupanda, ukang'olewa, ukarudi. Hata sherehe ya kumi na moja inapita, mche ulikuwa umepandwa na Mlezi mara nne, na mawaziri mara tano, na mabalozi mara mbili. Miche yote ya kitalu iliuzidi kimo, lakini kwa heshima haukuwa na mwenzake. Ulimfikia Bi Stumai gotini na hapo ukakwama, kwa sababu mizizi ilikuwa inajizungushazungusha ndani ya plastiki ikitafuta njia. Kila alipoushika, Bi Stumai alikibonyeza kiriba kwa dole gumba, akaisikia ile mizizi, akasonya.

Huku nyuma sikukuu ilikuwa inakua. Mwaka wa tatu lilizinduliwa Chepeo la Taifa, la kuchimbia mashimo, limepakwa rangi ya dhahabu, likaanza kukimbizwa wilaya zote likisindikizwa na magari arobaini, na kila lilipopita moshi ulitanda hadi wenyeji wakawasha taa mchana. Chepeo lilifungua madaraja na vyoo vya shule, likazindua hata ndoa moja. Mwaka wa nne ikaamriwa barabara ya Chepeo ipambwe kwa matawi mabichi, kila nyumba matawi ishirini. Mwaka wa sita wageni walikuwa wengi, pilau likahitaji kuni, kuni zikatoka msitu wa Ndwale, na msitu wa Ndwale siku hizi unaitwa uwanja wa Ndwale. Haya yote yalifanyika kwa ajili ya miti, na anayedhani vinginevyo asome kijitabu cha kijani.

Kisha ikaja taabu ya takwimu. Fomu ya Siku ya Hewa ina nafasi ya kuandika miche iliyopandwa, na aliyeitengeneza hakuona haja ya nafasi nyingine. Kila mkuu wa wilaya akawa anaandika zaidi kidogo ya aliyemtangulia, maana nani anataka kuonekana amerudi nyuma? Mwaka wa tisa hesabu zikajumlishwa, ikaonekana Silambi ina miti mingi kiasi kwamba jirani asingeweza kumwona jirani yake bila panga. Sherehe ikafanywa. Wiki hiyo hiyo nchi rafiki ikatuma, kwa nia njema tu, picha iliyopigwa kutoka angani. Silambi yote ilikuwa ya kahawia kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

Baraza la Mawaziri likakaa siku tatu. Ofisa mmoja mpole akainua mkono akasema labda miti ilikufa. Akahamishwa siku hiyo hiyo, akapewa kulinda mnara wa kuongozea meli katika mkoa usio na bahari. Waliobaki wakafikiri kwa makini zaidi. Miti ilipandwa, fomu zipo na mihuri ipo. Haionekani. Basi imeibwa.

Hapo ndipo kilipoundwa Kikosi Maalumu cha Kupambana na Hujuma za Miti, watu wenye suti za kijani na miwani myeusi, na ndipo nchi nzima ilipoanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Raia aliombwa aripoti. Raia akaripoti. Fulani ana kitanda kipya, mbao kazitoa wapi? Mbuzi wa fulani ameshiba, kwa majani yapi? Waliosalimiana kwa sauti ya chini waliandikwa, na waliosalimiana kwa sauti kubwa wakaandikwa kwamba wanajifanya. Bi Stumai, aliyezoea kushuku peke yake, ghafla akajikuta yumo katika nchi ya watu wenye maradhi kama yake, tofauti ni kwamba yeye hakuwahi kupeleka jina la mtu kituoni.

Kikosi kilipewa kanuni kali, na kali kuliko zote ni Kanuni ya Saba: chochote kinachohusika na hujuma ni kielelezo, na kielelezo kisiguswe, kisisogezwe wala kukatwa na yeyote, awe nani, mpaka kesi iishe. Katika Silambi hakuna kesi ya Kikosi iliyowahi kuisha. Kitanda cha mwalimu Njaidi, kwa mfano, kilipoletwa kituoni Kitandula kiliwekwa kwa muda mbele ya mlango, kikasajiliwa pale pale, na tangu hapo maofisa wakawa wanaingia ofisini kupitia dirishani. Walikuwa wamezoea. Inspekta mwenyewe, mtu mnene, alikuwa na kigoda chake cha kupandia.

Ndipo ukaja mwaka wa kumi na mbili, na ikatangazwa kwamba sherehe ya Kitandula, chimbuko la Tamko, safari hii itakuwa kubwa kuliko zote. Mkuu wa Wilaya, Bwana Kihwele, akaitisha kikao cha maandalizi. Bi Stumai aliitwa kwa sababu ya mche. Alikaa kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, akasikiliza habari za mahema, matarumbeta na ndege za kupita juu, na hakutia neno mpaka walipofika kipengele cha kumi na tisa, kilichosema: Kuondoa mkwaju.

Akainuka. "Mheshimiwa, mkwaju upi?"

"Huo wa zahanati. Jukwaa kuu litakaa hapo. Wageni mia nane, Bi Stumai, na mti umeota katikati kabisa kama haujui ratiba. Tena unadondosha majani. Tena watu wa usalama wanasema mtu anaweza kujificha juu."

"Mheshimiwa, huo ndio mti wenyewe. Ndio wa hapa-pana-hewa."

Bwana Kihwele akavua kofia akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta jibu lililoandikwa humo.

"Hilo linafahamika," akasema. "Na ndiyo maana historia yake itahifadhiwa. Tutauchora ukutani. Mchoraji ameshapatikana, atauchora mkubwa kuliko ulivyo."

"Na kina mama watakaa wapi na watoto?"

"Siku hiyo zahanati itafungwa."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake sherehe itakuwa imekwisha, mama. Wewe vipi?" Sasa alikuwa anamtazama vizuri. "Mbona maswali mengi? Mti ni wa serikali, wewe una nini nao? Nani anakutuma?"

Bi Stumai alifungua kinywa aseme ni nani. Jina la Tunu lilikuja mpaka kwenye ulimi. Miaka yote ile hakuwahi kulitaja mbele ya watu, na aliona hawezi kulitoa katika kikao hiki, liandikwe kwenye muhtasari kati ya mahema na matarumbeta. Akakaa. Katibu akaandika: Mjumbe aliridhika. Mkata miti akapangiwa Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Jumatano Bi Stumai alikwenda sokoni, na njia ya sokoni inapita kituo cha Kikosi. Akasimama. Ofisa mmoja alikuwa ananing'inia dirishani, mguu mmoja ndani mmoja nje, faili kalibana kwa meno. Mlangoni kitanda cha mwalimu Njaidi kilikuwa pale pale, godoro limeota majani, na majani yenyewe hayakuwa yamefyekwa, maana nayo yalikuwa sehemu ya kielelezo. Bi Stumai aliyatazama yale majani kwa muda mrefu. Kisha akaweka kapu chini, akakusanya gauni, akapanda kigoda cha Inspekta, akaingia.

Inspekta Ngwatu alikuwa anakunywa chai. "Karibu, mama. Unamripoti nani?"

"Naripoti mti, afande."

"Mti umeibwa?"

"Upo. Mkwaju wa zahanati. Ulipandwa kinyume."

Inspekta akaweka kikombe. "Kinyume kivipi?"

"Haukupandwa Siku ya Hewa. Ulipandwa zamani, kabla Siku ya Hewa haijaanzishwa. Hakukuwa na mgeni rasmi wala fomu. Mtu alikuja tu akapanda. Sasa afande, wewe ni msomi. Kama mti ulikuwepo kabla, na hewa ilikuwepo kabla, Tamko linabaki na nini?"

Inspekta Ngwatu alivua miwani myeusi, na Bi Stumai akaona macho ya mtu ambaye hajawahi kufikiria jambo kubwa namna hii. Akainuka, akachungulia nje ya dirisha, akalifunga. Akalifungua tena, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kutokea.

"Hii ni hujuma ya asili yenyewe," akanong'ona. "Sikukuu imezungukwa kwa nyuma. Miaka yote tunatafuta miti iliyoibwa, kumbe kuna mingine imezidi!" Akavuta faili jipya. "Huo ni kielelezo. Lakini mama, sheria ni sheria. Kielelezo hakisajiliwi bila mshukiwa. Lazima niandike jina hapa juu. Una jina?"

"Ninalo."

"La uhakika? Maana watu huleta majina ya majirani waliogombana nao."

"La uhakika kabisa. Andika Stumai Kandoro."

Kalamu ikasimama. "Huyo si wewe?"

"Ni mimi, afande. Nilipanda kwa mkono wangu, na maji nilimwagilia ya vyombo. Sijui kama hilo la maji linaongeza kosa. Liandike tu."

Inspekta alimtazama kwa mashaka makubwa. Kazini kwake alikuwa amekutana na watu wanaokana ukweli na watu wanaokubali uongo kwa sababu ya kipigo, lakini mtu wa kuja kwa miguu yake, kupanda kigoda, na kukiri kosa alilolifanya kweli, huyo alikuwa mgeni kwake. "Unaficha nini?" akauliza. Bi Stumai akamwonyesha kwa kidole pa kuandika. Basi Inspekta akaandika, akapiga muhuri, na chini akaongeza kwa wino mwekundu: Mshukiwa anakiri kila kitu, kwa hiyo upelelezi uwe wa kina.

Alhamisi saa tatu mkata miti alifika na msumeno wake wa injini, akaukuta mkwaju umezungushiwa utepe wa njano na Koplo Chilumba wa Kikosi amesimama katikati ya kivuli, bunduki begani, mguu mmoja mbele kwa sababu ya goti bovu. Kina mama walikuwa wamesukumwa nje ya utepe, wamebanana kwenye ukuta wa zahanati walipoweza kupata uzi wa kivuli. Bwana Kihwele akaja mbio.

"Koplo, ondoa hiyo kamba!"

"Siwezi, Mheshimiwa. Kanuni ya Saba."

"Mimi ni Mkuu wa Wilaya!"

"Kanuni inasema awe nani, Mheshimiwa. Ila ukitaka nitakuandika kwamba ulitaka kugusa. Jina lako la kwanza ni nani vile?"

Bwana Kihwele alirudi nyuma hatua tatu, na mkata miti alikuwa ameshafika barabarani. Zikapigwa simu makao makuu. Wizara ikasema mti ni wa Kikosi. Kikosi kikasema mti ni wa mahakama. Mahakama ikasema haijaletewa mti. Jukwaa kuu likajengwa upande wa pili, kwenye jua.

Siku yenyewe jua lilikuwa halina adabu. Mlezi wa Taifa, ambaye miaka kumi na miwili haikumpunguzia hotuba, alisema kwa saa tatu. Kisha akashuka, akaupanda ule mche wa mkangazi kwa mara yake ya tano, sekunde kumi na tisa, kiriba na yote. Alipoinuka alipepesuka kidogo. Macho yake yakauona mkwaju. Akaanza kuuendea kama miaka ile, mawaziri wakimfuata na madaftari tayari.

"Simama!" akasema Koplo Chilumba, halafu akaona aliyemsimamisha. Lakini hakuuachia utepe. Kwa mtu wa cheo chake, kuogopa kanuni na kumwogopa Mlezi ni mizigo miwili mizito sawa, na alibaki katikati anatokwa na jasho.

Mlezi akageuka. "Huu mti una nini?"

Inspekta Ngwatu akasogea, akamnong'oneza kwamba uko chini ya upelelezi.

Uso wa Mlezi ukabadilika. Akauangalia mkwaju toka chini hadi juu, tawi kwa tawi, kwa namna alivyozoea kuwaangalia makamu wake. Akakumbuka, pengine, kwamba aliwahi kusimama chini yake bila ulinzi.

"Nilihisi," akasema. Madaftari yakafunguka. "Usiachwe peke yake hata siku moja."

Na kwa neno hilo mkwaju wa Kitandula ukapata ulinzi wa kudumu.

Bi Stumai alisimamishwa kazi wiki hiyo hiyo. Amri ya mahakama ikamkataza kukisogelea kielelezo kwa umbali wa hatua mia moja. Asubuhi, badala ya kupita zahanati kama alivyozoea, sasa alizunguka nyuma ya soko, na hilo lilimuuma kuliko kupoteza kazi, wala hakumficha mtu kwamba lilimuuma. Kilichomuuma zaidi ni kina mama kuungua juani pembeni ya kivuli kitupu, na koplo mmoja tu ndani yake. Siku moja akasimama barabarani, kwenye hatua ya mia moja na moja, akapaza sauti.

"Koplo! Shahidi anaruhusiwa kukaribia kielelezo?"

"Shikamoo mama. Shahidi? Ndiyo, lazima akione. Atashuhudia nini bila kuona?"

"Na hao waliokaa ukutani, si ndio waliokuwa wanakaa chini ya huo mti miaka yote? Umewaandika?"

Koplo Chilumba alitazama ukutani. Alitazama daftari lake, ambalo tangu apewe halikuwa limeandikwa kitu, na Inspekta alikuwa amekwisha kumwuliza mara mbili anafanya nini kutwa. Akainua utepe.

"Haya, mashahidi! Mmoja mmoja. Jina, kijiji, jina la mtoto. Mtoto naye ni shahidi. Mkishaandikwa kaeni hapo mkichunguze kielelezo kwa makini mpaka mtakapoitwa na mganga."

Tangu siku ile foleni ya zahanati ya Kitandula inaanzia kwenye daftari la Koplo Chilumba. Anayetangulia kuandikwa ndiye anayetangulia kuitwa. Mke wa Bwana Kihwele alipokuja na gari, koplo alimwambia kwa adabu kwamba katika ushahidi hakuna kupishana, akamwandika wa arobaini na tatu. Daftari la kwanza lilijaa kwa miezi miwili.

Mche wa mkangazi, ambao mtunza kitalu mpya aliutupa kwa kuwa hakujua utumishi wake, Bi Stumai aliuokota. Akahesabu hatua mia moja na moja kutoka kwenye mkwaju, akachimba, akakichana kiriba taratibu kwa kisu cha jikoni, akaifungua mizizi moja moja kwa vidole. Mpaka leo hajaujazia fomu.

Kesi yake hutajwa mara mbili kwa mwaka. Kila mara mwendesha mashtaka husimama na kusema upelelezi haujakamilika, hakimu huahirisha, na Bi Stumai huenda zake nyumbani akinunua mihogo njiani. Lakini mwaka wa nne wa kesi alikuja mwendesha mashtaka mpya, kijana msomi mwenye haraka, akasimama akasema upande wa Jamhuri uko tayari. Upelelezi umekamilika. Bi Stumai akashika kizimba kwa mikono miwili. Kesi ikiisha, kielelezo kinakuwa mti tu, na msumeno wa injini bado upo wilayani.

"Mna mashahidi wangapi?" akauliza hakimu.

Kijana akafungua boksi. Ndani yake mlikuwa na madaftari ishirini na moja yenye mwandiko wa Koplo Chilumba, na mengine matatu yalikuwa bado njiani. Akahesabu, akasita, akahesabu tena.

"Elfu kumi na nne mia sita na tisa, mheshimiwa. Nusu yao hawajaanza kuongea."

Hakimu akavua miwani yake, akaiweka mezani. Bi Stumai aliitazama ile miwani pale mezani, na kwa muda hakuwa mahakamani. Hakimu akaeleza kwamba mahakama hii inaweza kusikiliza mashahidi wawili kwa siku, siku za kazi tu, ukiondoa Siku ya Hewa na wiki mbili za maandalizi yake. Kisha akamgeukia mshtakiwa, akamwuliza kama ana pingamizi.

"Sina pingamizi, mheshimiwa," akasema Bi Stumai. "Ninaomba kitu kimoja tu. Waitwe wote, kwa zamu zao. Asirukwe hata mtoto mmoja."